Kava ya Mlango Isiyo na Skrubu

Mama mdogo hakuwahi kutupa kitu kikiwa kizima. Kalamu ikiisha wino aliifungua: springi upande wake, mrija upande wake, ganda upande wake. Chupa ya dawa ya kikohozi aliibandua lebo kwa ukucha, akaikata ile pete inayobaki shingoni baada ya kifuniko kutoka, ndipo akaiachia iende. Hata karatasi ya biskuti, ile yenye ngozi ya kumetameta kwa ndani, aliichambua safu kwa safu huku anaongea nawe, macho yake yapo kwako, vidole viko kazini. Sisi wa nyumbani tulizoea. Wageni walidhani ana jambo linamsumbua.

Alikuwa kitinda mimba wa bibi yangu, na mama yangu alipofariki yeye ndiye aliyebaki kuwa mama, ingawa tulipishana miaka michache tu na watu walitudhania mtu na dada yake. Kazi yake ilikuwa kuchora vifaa vya magari. Si magari yenyewe, alipenda kusahihisha. Vile vitu ambavyo mtu huvigusa kila siku na asikumbuke kuvitazama. Kiwanda chake kilitengeneza vya ndani ya mabasi madogo: dari, vishikio, viegemeo vya mikono, na zaidi ya vyote kava za milango, yaani ule ubao wa upande wa ndani unaouegemezea kiwiko. Chumba cha wachoraji kilikuwa ghorofani, juu kabisa ya mashine za kugandamiza, na kila mashine ilipobana, chai ilicheza kwenye vikombe.

Kiwandani jina lake lilikuwa Itafunguliwaje. Ndilo swali alilomuuliza kila aliyemletea mchoro: hii ikizeeka, itafunguliwaje? Wenzake walimchokoza nalo bila kuchoka. Kwenye harusi ya mmoja wao, maharusi walipokuwa wanavishana pete, mchoraji mwenzake aliyekaa naye meza moja alimwinamia na kumuuliza kama ndoa nayo angependa iwekwe vibanio badala ya gundi. Mama mdogo alijibu kwamba vibanio na karatasi ya maelekezo, na meza nzima ikashindwa kujizuia mbele ya wazazi.

Swali lenyewe halikuwa la mzaha. Kava ya kawaida ni unga wa mbao uliogandamizwa, juu yake sponji, juu ya sponji ngozi ya plastiki, katikati gundi kila mahali, na skrubu kumi na kitu. Basi likifa, hakuna mwenye subira ya kuvitenganisha. Nyuma ya kiwanda palikuwa na shimo ambamo kava zilizoharibika zilichomwa kila wiki, na moshi wake ulikuwa mzito, wa rangi ya lami, ukipita dirishani kwa mama mdogo kwa sababu nyumba yake ilikuwa palepale, ndani ya uzio. Aliyekuwa wa kwanza kuunusa ni bibi. Bibi alikuwa haoni. Angeinua uso kutoka kwenye mchele anaochambua na kusema, "Wewe binti, wanachoma kazi zako tena."

Kwa hiyo mama mdogo alichora kava ya kitu kimoja. Nyuzi za mkonge zilizogandamizwa kwa moto, zikishikwa na gundi inayokamuliwa kwenye maganda ya korosho. Hakuna sponji, hakuna ngozi ya plastiki, hakuna skrubu. Ukingoni alichonga ndimi zinazoingia kwenye matundu ya mlango: unaisukuma juu inakaa, unaivuta chini inatoka. Ikichakaa inasagwa, inarudi kwenye mashine, inakuwa kava nyingine. Ilimchukua miaka, na wakubwa wawili wa kiwanda walikuja na kuondoka kabla haijakubaliwa. Ilipokubaliwa, wanunuzi waliipenda kuliko alivyotegemea. Kila moja iligongwa muhuri wa jani dogo pembeni, alama kwamba inasagika na kurudi. Nakumbuka Jumapili aliyokuja nayo nyumbani, akampakatisha bibi kama anampa mjukuu, na bibi akaipapasa yote, mbele na nyuma, akaingiza kidole kwenye kila ulimi.

"Inakwaruza," bibi alisema. "Lakini ni ya kweli."

Nyumba yao lazima niieleze, kwa sababu yote yaliyofuata yalikaa humo. Ilikuwa moja ya nyumba zilizopangana ndani ya uzio wa kiwanda, vyumba viwili, sebule na jiko, madirisha yakitazama ukuta. Ilikwenda na kazi: ukiacha kazi, unaacha nyumba, na nyuma yako kuna foleni ya wanaoisubiri. Mama mdogo aliweza kutoka kitandani hadi kwenye meza ya kuchorea bila kukanyaga barabara. Watu walimwambia ana bahati. Bibi macho yalimfifia humohumo, pole pole, na kadiri yalivyofifia mikono yake iliisoma nyumba. Aliujua ufa wa ukutani kwenye korido, kigae kilichong'oka mlangoni pa choo, msumari uliopinda kwenye fremu ya jiko. Alipika mwenyewe. Alifua mwenyewe. Mgeni asiyeambiwa angekaa saa nzima asijue kwamba huyu mama haoni, labda amnyooshee mkono usipokelewe.

Niliwahi kumchukua akae kwangu, ghorofa ya tatu, baada ya kumbembeleza sana. Alisimama katikati ya sebule yangu mikono imenyooka mbele, na pale ndipo alipobaki, siku baada ya siku, akitoka kwenye kiti kwenda kitandani kwa kushikwa. Nyumbani kwake alikuwa mama mwenye nyumba. Kwangu alikuwa mgonjwa. "Mke mwenzangu," aliniambia, maana hivyo ndivyo alivyoniita tangu nikiwa mdogo, akidai nimemnyang'anya babu, "unanipenda, naona. Sasa nirudishe."

Halafu kava zikaanza kuvimba.

Mama mdogo alikuwa amezijaribu kwa kila alichofikiria. Alizimwagia maji kwa nje kama mvua, akaziweka kwenye joto, akawapa watoto wa jirani wazipige mateke kwa ruhusa. Kitu kimoja hakukifikiria, kwa sababu hakuwahi kusimama mahali pa kuoshea magari: kwamba mabasi haya yanaoshwa kwa ndani vilevile yanavyooshwa kwa nje. Mlango unafunguliwa wote, bomba linaelekezwa ndani, maji yanashuka kwenye kava kama kwenye ukuta na kutuama chini, ukingoni, kwenye ndimi zake. Ukingo ukanywa maji, ukanenepa, ukatoa harufu ya gunia bichi. Alikwenda kujionea. Muosha magari alimtazama anavyokodoa macho, akazima bomba, akamuuliza kwa upole kama alitaka basi lipanguswe kwa pamba kama kichanga.

Alirudi akicheka, lakini aliporudi alikuwa ameshapata jibu. Ukingo wa chini upandishwe kiasi cha upana wa kidole, uchongwe mifereji, maji yatoke. Tatizo ni kwamba kalibu, lile bonge la chuma linaloipa kava umbo lake, lilikuwa limeshakatwa. Chuma unaweza kukipunguza. Kukiongeza pale ni kutengeneza kalibu nyingine. Meneja alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya, na mama mdogo mwenyewe hakuwahi kumsema hivyo. Alisema wateja hawawezi kungoja, kwa hiyo kava zitavishwa ngozi ya plastiki, zipakwe gundi uso mzima, basi, maji hayaingii.

Mama mdogo aliomba angalau ngozi ibandikwe ukingoni tu, iachwe na kipande cha kuvutia, ili siku moja mtu aivue kwa mkono mmoja. Meneja alisema abiria ni hodari wa kuchokonoa, wataivua siku ya kwanza. Hilo alilikubali, alikuwa anawajua abiria. Basi akaomba muhuri wa jani uondolewe, kwani kitu chenyewe sasa hakisagiki, kitaishia kwenye shimo na moshi wake utakuwa uleule.

"Lakini mkonge bado umo ndani, dada," Meneja alisema. "Tumeufunika tu."

"Hata maiti yumo ndani ya jeneza."

Alinisimulia hayo huku anachambua karatasi ya sabuni. Alisema Meneja alicheka, kisha akaacha kucheka, kisha akasema jani linabaki.

Kipindi hichohicho akatokea yule tuliyekuja kumwita Mwenye Karakana, mwanamke mwembamba mwenye miwani ya kamba, ambaye alikuwa na karakana yake katika mji mwingine, safari ya saa tatu. Aliiona kava ya zamani, ile isiyo na ngozi, kwenye maonyesho ya viwanda. Wengine wote waliisoma karatasi iliyoandikwa chini yake. Yeye aliivuta chini, ikatoka, akairudisha, akaivuta tena, akaanza kucheka peke yake katikati ya ukumbi. Alimtaka mama mdogo. Wangetengeneza kalibu mpya yenye mifereji, na si kava tu: vishikio, dari, vyote. Nyumba ilikuwepo, ndogo, nyuma ya karakana.

Sijawahi kumwona mama mdogo kama alivyokuwa majuma yale. Alitembea haraka. Alivaa ile blauzi ya bluu aliyokuwa akiihifadhi kwa jambo lisilojulikana. Lakini kila alipofika kwenye neno la kuondoka, macho yake yalikwenda kwa bibi, aliyekuwa amesimama jikoni akikata kitunguu bila kukosea, mgongo umeegemea mahali pake.

Bibi alihisi macho hayo, sijui kwa njia gani.

"Nani kakutuma unilinde? Mimi benki?" alisema. "Nenda zako. Nilimzoea baba yako miaka yote ile, nitashindwa na nyumba?"

Tuliamua twende kwanza tukaione, watatu, siku moja tu. Nyumba ilikuwa nzuri, niseme ukweli. Ilikuwa na mwanga, na uwanja mdogo wenye kamba ya nguo, na ukitoka mlango wa nyuma unaingia karakana inayonuka mbao na mafuta ya mashine. Mama mdogo alikwenda na Mwenye Karakana kuangalia mashine ya kugandamiza. Nilimsikia kutoka jikoni akiuliza maswali kwa ile sauti yake ya zamani. Mimi nilibaki na bibi. Alikataa kushikwa. Alizunguka peke yake, mkono ukutani, akisifia kila kitu kabla hajakigusa: dirisha zuri, mlango mzuri, korido pana hii. Nilikuwa nimetoka kuepua birika, jiko bado la moto. Nikageuka kutafuta vikombe.

Kwao, upande ule wa jikoni, palikuwa na pipa la maji, na bibi alikuwa na kawaida ya kutua kiganja juu yake anapopita. Sikusikia sauti yoyote. Nilipogeuka alikuwa amesimama wima, mkono wa kulia umejificha kwenye mikunjo ya nguo, anatabasamu. Akasema jiko hili linafaa kabisa.

Chakula cha mchana alikula kwa kijiko, kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alituambia leo yeye mzungu. Tukacheka sote, na Mwenye Karakana akacheka zaidi yetu, na mama mdogo akasema ndiyo, atakuja, mwisho wa mwezi. Alisema hivyo mezani, waziwazi. Walishikana mikono.

Tuligundua njiani, kwenye basi la kurudi. Mama mdogo alimpa bibi chupa ya maji na bibi akaipokea tena kwa kushoto. Mama mdogo akauchukua ule mkono mwingine, akautoa kwenye nguo, akaukunjua. Kiganja chote kilikuwa kimeinuka lengelenge, jeupe, limejaa maji.

"Mama. Umejiunguza saa ngapi?"

"Nimejiunguza?" bibi alisema. "Nilikuwa najifunza."

Nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma yao na niliona kisogo cha mama mdogo, hakikugeuka dirishani hata mara moja.

Mkono ule ulichukua muda mrefu kupona, na muda wote huo bibi alikuwa kipofu mara mbili. Kitambaa cha kidonda kilimfanya ukuta wa nyumba yake mwenyewe kuwa mgeni. Aliugusa kwa kiwiko, kwa bega, akajikwaa kwenye kigae alichokijua kwa miaka. Jumatatu iliyofuata safari, mama mdogo alimpigia simu Mwenye Karakana. Hakutoa sababu. Alisema haitawezekana, samahani sana, akakata, akaenda kazini kwa kuvuka uwanja.

Bibi alipojua, alinuna kama mtoto. Walikaa sebule moja na alizungumza naye kupitia kwangu, kila Jumapili nilipofika. Niliambiwa nimwambie huyo mwoga kwamba chumvi imeisha. Niliambiwa nimuulize kama anataka chai au anangoja mama yake ampe ruhusa ya kuinywa. Siku moja bibi aliweka kikombe chini na kusema, uso umeelekea mahali ambapo alijua mama mdogo amekaa, ingawa maneno alinielekezea mimi: "Mwambie huyo mtoto kwamba mimi nilimzaa. Sikumfunga. Asinifanye mimi kisingizio."

Sidhani kama bibi alikuwa na haki, na sidhani kama alikosea pia. Nimelifikiria jambo hili kwa pande zote na kila upande naukuta una ukuta. Angekwenda, angemzika mama yake katika kiti. Alibaki, na mama yake alijua kila siku kwamba ndiye aliyebakiwa.

Kava za plastiki ziliendelea kutoka. Yeye ndiye aliyewafundisha wafanyakazi jinsi ya kuitandaza ngozi isiingie mapovu, kwa sababu kama kitu lazima kifanywe hakuweza kuvumilia kifanywe vibaya. Jani liligongwa pembeni, juu ya plastiki, likang'aa kuliko zamani. Shimo la nyuma liliendelea kuwaka. Mwenye Karakana alimpata mchoraji mwingine. Tulisikia tu, hatukuuliza. Wachoraji wapya waliokuja hawakujua kwa nini huyu mama mkimya anaitwa Itafunguliwaje, na yeye hakuwaeleza. Hakuliuliza tena lile swali. Alipoletewa mchoro aliutazama, akaurudisha, akasema uko sawa. Ile blauzi ya bluu akaifanya ya kazini.

Miaka ilipita hivyo, na ningependa kusema kuna kitu kilitokea katikati, lakini hakikutokea. Mlinzi wa getini alistaafu akaja mwingine. Bibi alisamehe, au alichoka, wakarudi kuzungumza wenyewe, na wakati mwingine nikifika niliwasikia kutoka nje wakibishana kuhusu chumvi na kucheka. Nilikuwa nikipanda basi kurudi kwangu, kiwiko changu juu ya plastiki ile laini, na sikuweza kuiegemea.

Uvimbe uligunduliwa tumboni mwa mama mdogo tukiwa tumeshachelewa. Alikuwa ameficha maumivu, kwa urithi nadhani. Walipomlaza, nilihamia nyumbani kwao nikae na bibi, na bibi tukamwambia kwamba mwanawe amesafiri kikazi siku chache. Aliuliza kila asubuhi kama amerudi. Nilijibu bado. Daktari aliniita pembeni na kuniambia nisihesabu majuma, nihesabu siku.

Meneja alikuja kumwona wodini, saa ya kutazama wagonjwa, kofia mkononi, amekuwa mzee. Alikaa kwenye ukingo wa kiti. Alimwambia asiwaze habari ya nyumba. Mama yake atakaa humo maisha yake yote, hakuna atakayemgusa, yeye Meneja ameshalisema hilo kwa wakubwa na wamekubali. Alilisema kwa sentensi moja, kama mtu anayekupisha mlangoni. Sijui kama angelisema zamani, siku zile, kwa mtu anayeondoka kwenda karakana nyingine. Labda asingelisema. Mama mdogo hakuwahi kuuliza, kwa kuwa hapakuwa na mtu yeyote pale aliyewahi kusikia nyumba ikibaki na kazi ikiondoka.

Alimshukuru Meneja vizuri. Meneja alipokwisha kutoka, mama mdogo alitazama dari.

"Kumbe," alisema.

Kengele ya kutoka ilipigwa. Nilimfunika miguu, nikamuuliza mama mdogo nimweleze bibi nini, kwa sababu ile safari ya kikazi ilikuwa imeanza kuwa ndefu na bibi si mjinga, na huenda ingefaa nimlete hata kwa kumbeba. Alikataa kwa kichwa. Alinivuta mkono nikainama, maana sauti ilikuwa imekwisha.

"Mwambie nimekwenda kwenye ile kazi ya karakana. Atanitukana kwanza, halafu atafurahi."